Wanafunzi wakabidhiwe kiumbe wa kumtunza, si siku ya kupanda miche

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo magazeti hulitangaza mara kwa mara kwa picha kubwa na maelezo machache, nalo ni wanafunzi wanaojitolea kurejesha makazi ya asili ya viumbe walio hatarini kutoweka. Habari hizo zinafanana mno. Yupo kiongozi aliyeshika jembe, wapo wanafunzi waliovalishwa fulana za rangi moja, lipo bango la mfadhili, na mwishoni inatajwa idadi ya miche iliyopandwa siku hiyo. Kisichotajwa ni kiumbe gani hasa aliyekusudiwa kunufaika na miche hiyo, anakula nini, anazaliana wapi, na ni nani atakayerudi mvua zikishakatika kutazama kilichosalia.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia na mlezi wa klabu ya mazingira, na ninaandika nikiwa upande wa wanafunzi hao. Hoja yangu ni kwamba kundi la wanafunzi likikabidhiwa kiumbe mmoja na kipande kimoja cha ardhi kwa miaka kadhaa, linaweza kufanya kazi ambayo hata mashirika yenye fedha hushindwa kuifanya kwa kukosa mikono na subira. Kundi hilohilo likipewa lori la miche na asubuhi moja, hufanya kazi isiyomfaa kiumbe yeyote, na wakati mwingine kazi yenye madhara. Tofauti ya matokeo hayo haitokani na bidii ya wanafunzi, maana bidii wanayo kote kuwili. Inatokana na jinsi sisi watu wazima tunavyoipanga kazi yenyewe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unamhusu kiumbe ambaye hakuna mfadhili angemchora kwenye bango. Katika kaunti chache za kaskazini mwa California, nchini Marekani, yupo kamba mdogo wa maji baridi, ambaye akikomaa hufikia urefu wa sentimita 5 hivi, na ambaye serikali ya nchi hiyo ilimwingiza katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 1988. Kamba huyo huishi kwenye vijito vyenye maji ya taratibu, akijishikiza kwenye mizizi ya miti inayoning'inia majini chini ya ukingo. Mifugo ilipokanyaga kingo hizo na kula machipukizi kwa miongo mingi, miti ilipungua, kingo zikamomonyoka, na kamba akakosa mahali pa kujisitiri, hasa pale kijito kinapofurika na maji kupita kwa nguvu. Mwaka 1992 wanafunzi wa darasa la nne wa shule moja ya kaunti ya Marin, wakiongozwa na mwalimu wao, Laurette Rogers, waliamua kumfanya kamba huyo kuwa mradi wa darasa lao. Walijifunza maisha yake, wakamwendea mfugaji ambaye kijito kilipita katika ardhi yake, wakakubaliana naye, kisha wakapanda mierebi kwenye kingo. Darasa hilo moja likazaa mpango ambao hadi sasa huwashirikisha maelfu ya wanafunzi, pamoja na walimu wao na wafugaji, na ambao umekwisha kurejesha uoto kwenye makumi ya kilomita za kingo za vijito.

Naomba msomaji atazame mpangilio wa fikra za watoto wale, kwa sababu ndani yake mna takriban kila kitu ninachotaka kukisema. Hawakuanza na miche. Walianza na kamba, wakauliza anaishi wapi, wakajibiwa kwamba anaishi kwenye mizizi. Wakauliza mizizi imekwenda wapi, wakajibiwa kwamba miti imeliwa. Wakauliza imeliwa na nani, na jibu likawapeleka mlangoni kwa mwenye ng'ombe. Kwa njia hiyo mwerebi ulipandwa kwa sababu mizizi yake hushika udongo wa ukingoni na kuingia majini, wala si kwa sababu ulikuwa umejaa kwenye kitalu cha jirani. Ulipandwa pale pale ukingoni, si popote penye nafasi. Na yule mfugaji hakuchukuliwa kama adui wa mazingira wa kusemwa vibaya kwenye risala. Alichukuliwa kama mtu ambaye bila ridhaa yake hakuna kitakachosimama, kwa kuwa ng'ombe wakirudi ukingoni wiki inayofuata kazi yote imekwisha. Sehemu kubwa ya makazi ya viumbe walio hatarini duniani ina mwenyewe, na mwanafunzi anayejifunza kubisha hodi na kuzungumza kwa heshima na mwenye ardhi amejifunza ikolojia zaidi ya yule aliyekariri minyororo ya chakula kwa ajili ya mtihani.

Mashariki mwa nchi hiyohiyo, katika jimbo la New Hampshire, kuna kipepeo mdogo wa buluu aitwaye Karner. Kiwavi wake hula majani ya mmea mmoja tu, lupini wa mwituni, na lupini huyo hustawi mahali pa wazi penye mchanga na jua la kutosha. Kipepeo huyo aliorodheshwa kuwa hatarini mwaka 1992, akatoweka kabisa katika jimbo hilo kufikia mwaka 2000, na mwaka uliofuata akaanza kurudishwa kwa kutumia kizazi cha vipepeo kilichotoka jimbo la New York. Watoto wa shule za huko huotesha lupini madarasani mwao majira ya baridi, kisha majira ya kuchipua wanaipeleka kuipanda katika eneo la hifadhi mjini Concord. Mtoto anayemwagilia kikopo kwenye dirisha la darasa kwa majuma mengi, akiona kingine kikioza kwa maji kupita kiasi na kingine kikinyauka, hahitaji kuhubiriwa kwamba kurejesha makazi ni kazi ya polepole. Ameshaona.

Kipepeo wa Karner anatufikisha kwenye kosa ambalo limeenea kuliko yote, yaani dhana kwamba kurejesha makazi ni kupanda miti. Lupini huzimwa na kivuli. Eneo lake lisipopitiwa na moto wa mara kwa mara, au lisipofyekwa na wataalamu, vichaka hulifunika na kipepeo huondoka hata kama hakuna mtu aliyekata chochote. Kwetu Afrika Mashariki tunaye hirola, swala wa mpakani mwa Kenya na Somalia, ambaye amebaki kwa idadi inayokadiriwa kuwa chini ya 500. Hirola ni mnyama wa mbuga zenye nyasi fupi, na miongoni mwa sababu za kupungua kwake ni kwamba miti na vichaka vimeingia mahali palipokuwa nyasi. Wanaomhifadhi leo wanapunguza miti hiyo na kuotesha nyasi za asili. Fikiria basi klabu ya shule inayofika huko na miche elfu moja ya miti kwa moyo safi kabisa. Ingekuwa inamfukuza hirola huku ikipigiwa makofi.

Watu wa New Zealand walilielewa jambo hilo mapema katika kisiwa cha Tiritiri Matangi, chenye ukubwa wa hekta 220 hivi, ambacho kilikuwa kimefyekwa kwa ajili ya ufugaji hadi misitu yake ikabaki kwenye mabonde machache. Kati ya mwaka 1984 na 1994 watu wa kujitolea, wakiwamo watoto wa shule waliovushwa kwa boti, walipanda huko miche kati ya 250,000 na 300,000. Idadi hiyo ni kubwa, na mimi mwenyewe ninayelalamikia idadi ninaitaja bila aibu, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mpango. Miche ilioteshwa katika kitalu cha kisiwani, na mbegu zilitoka katika masalia ya misitu ya pale pale na maeneo ya jirani. Karibu asilimia 40 ya kisiwa iliachwa wazi kwa makusudi, kwa ajili ya ndege wanaohitaji nyasi, kama vile takahe, ndege mkubwa asiyeruka ambaye alidhaniwa ametoweka duniani hadi alipoonekana tena mwaka 1948. Zaidi ya hayo, mwaka 1993 idara ya uhifadhi iliwaangamiza panya wote wa kisiwa hicho, kwa kuwa msitu mpya wenye panya wanaokula mayai na mbegu usingewafaa ndege wale. Kuwaangamiza panya haikuwa kazi ya watoto, nao hawakuhusishwa. Nasisitiza hilo kwa sababu kuna walimu wanaodhani kwamba kujitolea maana yake ni kufanya kila kitu: sumu, moto, misumeno ya injini na kingo zenye mteremko mkali ni vya watu wenye mafunzo na bima.

Baada ya kujua kama panahitajika miti, nyasi au maua, linakuja swali la aina ipi, na hapa ndipo nia njema huharibika kwa urahisi zaidi. Wasomaji wa pwani watanielewa haraka nikitaja mikoko. Nchini Ufilipino, ambako upandaji wa mikoko umehimizwa na kugharimiwa kwa miongo mingi, watafiti waliopitia matokeo mwaka 2008 walieleza kwamba miche iliyodumu kwa muda mrefu ilikuwa kati ya asilimia 10 na 20 tu. Sababu mojawapo ni ya kusikitisha kwa wepesi wake. Mbegu ya mkoko wenye mizizi ya magongo ni ndefu kama penseli, huokotwa kwa urahisi, na mtoto yeyote anaweza kuichomeka topeni ikasimama na kupendeza pichani. Mchu na mlilana, ambayo ndiyo miti ya asili ya upande unaopigwa na mawimbi, mbegu zao ni ndogo na zinahitaji kulelewa kitaluni kwanza. Basi ikapandwa ile iliyo rahisi mahali pa zile zinazofaa, na mara nyingine ikapandwa juu ya matope yanayofunikwa na maji muda mrefu mno, au juu ya nyasi bahari ambazo zenyewe ni malisho ya nguva na kasa. Mvuvi yeyote wa eneo husika angeweza kueleza mti gani husimama wapi, lakini wavuvi nadra huulizwa siku za sherehe.

Amerika ya Kaskazini nako watu wengi, shule zikiwamo, walipanda mimea ya jamii ya asklepia kwa ajili ya kipepeo monaki, kwa kuwa kiwavi wake hali kitu kingine. Wengine waliokuwa katika majimbo yenye joto walinunua aina ya kitropiki yenye maua mekundu na ya manjano, ambayo si ya asili ya huko lakini hupatikana kwa urahisi madukani. Aina hiyo haikauki wakati wa baridi kama zile za asili, na hivyo vimelea vinavyomdhuru kipepeo hujikusanya kwenye majani yake mwaka mzima, na baadhi ya vipepeo huendelea kuzaliana hapo badala ya kuhama. Hata neno "asili" lenyewe linahitaji kuwekewa mipaka ya mahali: mti wa msizi ni wa asili ya magharibi mwa Tanzania na Uganda, lakini ulipoletwa katika milima ya Usambara Mashariki ukageuka kuwa mvamizi unaoenea ndani ya msitu wenye mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani. Kwa hiyo mwalimu akiambiwa na mwenye kitalu kwamba mche fulani ni wa nchini, bado ana haki ya kuuliza ni wa mlima upi.

Rangi ya kijani nayo hudanganya. Katika Milima ya Taita, nchini Kenya, msitu wa asili wa ukungu umebaki vipande vidogo vilivyotawanyika, na katikati yake na pembezoni mwake pamepandwa misonobari na mikaratusi. Mtu akitazama kwa mbali ataona vilima vilivyofunikwa vizuri. Ndege wa Taita wanaokaribia kutoweka hawaoni hivyo. Mmoja wao, mwenye mdomo na miguu ya rangi ya machungwa, hutafuta wadudu na matunda yaliyoanguka ndani ya takataka za majani chini ya kivuli kizito cha miti ya asili. Sakafu ya shamba la mikaratusi haimpi hicho anachokitafuta, na safari ya kutoka kipande kimoja cha msitu hadi kingine ni ngumu kwake. Mradi wa wanafunzi unaounganisha vipande viwili vya msitu wa namna hiyo kwa ukanda mwembamba wa miti ya asili una thamani kuliko mara kumi ya miche hiyo iliyotawanywa kwenye viwanja vya ofisi. Sisemi kwamba kivuli kwenye uwanja wa ofisi hakina faida. Nasema kisihesabiwe kuwa ni uhifadhi wa ndege.

Sasa nije kwenye suala la muda, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote kwa shule. Mei 2019 Baraza la Wawakilishi la Ufilipino lilipitisha muswada wa kumtaka kila mwanafunzi anayehitimu shule ya msingi, sekondari au chuo apande miti isiyopungua 10 kabla ya kuhitimu. Vyombo vingi vya habari duniani viliutangaza kana kwamba tayari ni sheria, ilhali ulikuwa haujapita katika Seneti. Kwa haki, muswada ulisema aina za asili zipewe kipaumbele. Kilichonishangaza ni kwamba mtoa hoja mwenyewe alijipa moyo kwa hesabu ya kwamba hata ikinusurika asilimia 10 tu ya miti hiyo, bado ingekuwa mingi. Mwalimu gani angekubali mpango wa masomo unaotarajia tisa kati ya kumi wafeli? Nchini Kenya, serikali iliitangaza Novemba 13, 2023 kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti, katika lengo la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Sipingi lengo hilo. Ninachoona ni kwamba siku ya mapumziko hutolewa kwa ajili ya kuchimba shimo, na hakuna siku inayotolewa kwa ajili ya kupalilia.

Hayati Profesa Wangari Maathai alilitambua jambo hili tangu siku za mwanzo za harakati ya Green Belt aliyoianzisha mwaka 1977. Kina mama walioshiriki walipewa malipo madogo kwa miche iliyoshika na kukua, si kwa miche iliyofukiwa tu ardhini. Utaratibu huo mmoja ulibadili kila kitu, kwa sababu mtu akijua kwamba anahesabiwa kwa kilicho hai, atachagua mche wenye nguvu, atauzungushia miiba, na atamfukuza mbuzi. Wanafunzi hawahitaji kulipwa, lakini wanaweza kuhesabiwa kwa namna ileile.

Tatizo ni kalenda. Miche hufa wakati wa kiangazi, na mara nyingi kiangazi huangukia likizo, shule ikiwa imefungwa na klabu haina mtu. Magugu hukua kwa kasi wakati wa mvua, ambao mara nyingine ndio wakati wa mitihani. Tena mwanafunzi wa sekondari hukaa shuleni miaka michache tu, ilhali kichaka cha asili kinachoweza kumpokea ndege au kipepeo huhitaji miaka mingi zaidi ya hapo. Ndiyo maana nasema eneo likabidhiwe shule, si kwa wanafunzi wa mwaka fulani. Kidato kinachoondoka kikabidhi kwa kinachoingia, palepale kwenye eneo, na pawe na daftari la eneo lenye ramani, orodha ya kilichopandwa na kilikotoka, tarehe za kupalilia, idadi ya miche hai kila msimu, na picha zinazopigwa kutoka sehemu ileile kila mwaka. Daftari hilo liandikwe pia yale yasiyopendeza, kwa sababu mche uliokufa ukiandikwa sababu yake unamfaa mwanafunzi wa kesho kuliko mia iliyosahauliwa. Wakati wa likizo, wanafunzi wanaoishi karibu na mwenye ardhi wanaweza kupangiana zamu. Nimeona wanafunzi wakizitimiza zamu za namna hiyo kwa uaminifu ambao walimu wao hawakuutarajia.

Katika miaka hiyo kadhaa, kazi kubwa haitakuwa kupanda. Itakuwa kung'oa. Mimea vamizi kama lantana hurudi tena na tena, na mashine haiwezi kuipitia katikati ya miche ya asili bila kuiharibu. Panahitajika mikono mingi, macho makini, na watu waliofundishwa kutofautisha jani na jani. Hiyo ni kazi ambayo wanafunzi huifanya vizuri kuliko kundi lolote ninalolijua. Mahali pengine haitahitajika kupanda hata mche mmoja: ukizuia mifugo na moto, ukaondoa wavamizi, mbegu zilizolala udongoni na zile zinazoletwa na ndege zitafanya kazi iliyobaki zenyewe, kwa aina sahihi na kwa gharama ndogo. Mfadhili hatalipenda jambo hilo kwa kuwa halina sherehe, lakini mwanafunzi aliyehesabu machipukizi ya asili ndani ya uzio na nje ya uzio ana jambo la kuandika kwenye ripoti yake ya sayansi.

Lipo pia suala la usafi ambalo halizungumzwi. Katika vitalu vya California vilivyokuwa vikiotesha mimea ya asili kwa ajili ya kurejesha makazi, iligunduliwa mwanzoni mwa muongo uliopita kwamba baadhi ya miche ilikuwa imebeba viini vya maradhi ya mizizi, hivyo miradi ya uponyaji ikawa njia ya kuueneza ugonjwa. New Zealand wameweka vituo vya kusafishia viatu kwenye njia za misitu ya miti ya asili iitwayo kauri, ili udongo wenye viini usihamishwe kutoka mti hadi mti. Brashi na ndoo ya dawa mlangoni mwa eneo ni jambo dogo, nalo lisiachwe.

Baadhi ya walimu wenzangu hunijibu kwamba nia ya siku hizi za kupanda miche ni malezi, si matokeo. Kwamba mtoto akigusa udongo mara moja atayapenda mazingira maisha yake yote, na kwamba ninawawekea watoto masharti ya wataalamu. Naheshimu jibu hilo lakini silikubali. Mtoto ana akili ya kutosha kurudi peke yake mwezi wa pili, akaona vijiti vikavu, na kuhitimisha kwamba watu wazima walikuwa wakitafuta picha. Malezi hayo nayo yapo, na yanadumu. Aidha si kweli kwamba masharti haya ni mazito kwa umri wao: wale wa Marin walikuwa darasa la nne. Lililo zito ni kwa walimu, ambao tayari wana vipindi vingi na madaftari ya kusahihisha, na hapa nakiri kwamba bila kupunguziwa mzigo mwingine, mwalimu mlezi hawezi kubeba mradi wa miaka mitano kwa mapenzi peke yake. Kujitolea kwenyewe pia kuwe kujitolea. Pale ambapo kulima na kufyeka hutumiwa shuleni kama adhabu kwa waliochelewa, mwanafunzi akipelekwa na jembe kwenye eneo la hifadhi atajua amepelekwa kufanya nini, na kiumbe aliyekusudiwa atakuwa mgeni wa adhabu yake.

Kwako wewe, Ndugu Mhariri, nina ombi moja. Kila gazeti lako linapochapisha habari ya wanafunzi waliopanda miche kwa ajili ya viumbe walio hatarini, mwandishi aulize papo hapo ni kiumbe gani, mche upi, ardhi ya nani, na nani anatunza. Kisha tarehe iwekwe kwenye shajara ya chumba cha habari, na baada ya mwaka mmoja mwandishi yuleyule arudi palepale ahesabu kilicho hai na kukichapisha kwa ukubwa uleule, matokeo yawe mazuri au mabaya. Nina hakika waandaaji wakijua kwamba mtarudi, maandalizi yatabadilika tangu kwenye uchaguzi wa miche.

Kwa wakuu wa shule na maofisa wa misitu na wanyamapori, ombi langu ni kwamba badala ya barua za mwaliko wa siku moja, waanze kuandikiana makubaliano ya miaka isiyopungua mitano, yakitaja eneo kwa mipaka yake, kiumbe kwa jina lake, mtaalamu atakayefika walau mara moja kila muhula, na mwalimu aliyepunguziwa vipindi kwa ajili ya kazi hiyo. Shule mbili au tatu zikianza hivyo katika wilaya moja, patakuwa na madaftari ya kulinganishwa.

Wako,

Mwalimu wa baiolojia na mlezi wa klabu ya mazingira